Bila Kuvutwa: Luzira hadi Bukoba kwa Tanga la Turubai

Siku hizi nikipita Kikuubo, kwenye biashara zetu za Kampala, sifiki ninakokwenda. Huyu ananishika mkono, yule ananikalisha kwenye benchi lake, na swali ni lile lile: "Mama Laker, ni kweli mlifika Bukoba na lile turubai?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikimaliza naambiwa nimeruka kitu. Basi naandika mara moja, msome wenyewe, mniache nipite na mzigo wangu wa uzi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Saadia, Mnubi, mzaliwa wa kambi ya polisi, mtoto wa polisi na mke wa polisi. Miaka zaidi ya ishirini nimeshona maturubai ya malori hapo hapo Kikuubo. Mume wangu ni Otim, Mwacholi, aliyekuwa fundi wa magari ya polisi hadi alipostaafu. Yeye anasali Jumapili, mimi Ijumaa, na hatujawahi kugombana kwa ajili ya hilo. Tunagombana kwa ajili ya chumvi.

Alipostaafu tuliacha nyumba ya kupanga kule Kasubi, tukahamia kwenye boti ya mvule tuliyoundiwa Luzira, kando ya ziwa. Haina injini. Ina tanga nililoshona mwenyewe kwa turubai jepesi, kijumba cha kulala watu wawili, sigiri ya makaa iliyokaa ndani ya sanduku la mchanga, sola ndogo ya taa na simu, na ndoo nne zilizopandwa mboga. Samaki tunavua, maji tunachemsha, nguo tunafua na kuanika kwenye kamba za mlingoti. Inaitwa Sindano. Mwaka mmoja na nusu tuliishi hivyo pale ghubani, na sijawahi kulala vizuri namna ile tangu nizaliwe.

Aliyekuwa halali usingizi ni binti yetu wa pekee, Laker. Yeye ni inspekta wa trafiki, na kazini amewahi kupokea watu waliotolewa ziwani wakiwa hawapumui. Kila mvua ikinyesha alikuwa anapiga simu. Akatujengea chumba nyuma ya nyumba yake Kireka, akakipaka rangi, akaweka televisheni na kitanda kikubwa, kisha akaja gatini kutuambia tuhame. Nilikataa. Akalia, na Laker si mtu wa kulia. Nikasema, "Basi tupe mtihani." Akafikiri kipolisi kama kawaida yake. Twende Bukoba na kurudi, tukiwa peke yetu, kwa upepo na makasia tu. Tukiweza, hatatuambia tena habari ya chumba. Tukivutwa na chombo chochote, hata mara moja, boti inauzwa na tunahamia Kireka. Nikampa mkono mbele ya baba yake. Otim alikuna ndevu, akaenda kuangalia sigiri. Nilijua moyoni kwamba yeye chumba kile kinamfaa, na kwamba majini amekuja kwa ajili yangu tu.

Luzira hadi Kigungu: siku moja iliyokula siku tatu

Habari za fomu na mihuri ya mpakani siandiki, zinachosha hata kuzikumbuka. Tuliondoka asubuhi, Laker amesimama gatini na sare yake, mikono kifuani. Hatukwenda mbali. Magugu maji yalikuwa yameingia ghubani usiku, na kabla hatujapita hata gati lote tulikuwa katikati ya shamba la kijani linaloelea. Boti za samaki zenye injini zilitupita pembeni, na mwenye ile ya kwanza akapunguza mwendo. "Nyabo, rete kamba," akasema, tayari amenyoosha mkono.

"Asante, baba, sitaki."

Alinitazama kama mtu anayekataa chai mlangoni kwa watu. Nikachukua panga, Otim akachukua kasia, tukaanza kukata njia. Tulikata mpaka adhuhuri. Otim analalamika kwa sauti ya chini, isiyopumzika, kama redio ya jirani, na siku hiyo wimbo ulikuwa mmoja: chombo bila injini ni kama askari bila filimbi. Nilimwambia apumue kwa pua. Kila nikiinua kichwa namwona Laker pale pale, hajaketi wala hajaenda kazini. Tulipochomoka kwenye magugu na tanga likajaa, aligeuka akaenda zake bila kupunga mkono.

Wengi mnaniuliza upepo ulitoka wapi. Ziwa letu lina tabia zake. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unakusukuma nje. Kukaribia mchana unakufa. Alasiri unarudi kutoka ziwani, unakurudisha ulikotoka. Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda kusini akimbie asubuhi, apike mchana, na alasiri aende upande, kushoto kisha kulia, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Sisi tulikuwa hatujaijua ratiba hiyo. Siku mbili tulipoteza asubuhi, ya kwanza kwa magugu, ya pili kwa kupika, tukasafiri alasiri, tukawa tunatazama ufukwe wa Munyonyo ukitupita mbele na nyuma. Siku ya tatu mama mmoja muuza mukene, dagaa wale wa kukaanga, akiwa ndani ya mtumbwi wake, alituuliza kama tumepoteza kitu hapo majini. Ndiye aliyetufundisha. Tulifika Kigungu siku hiyo hiyo, tukala rolekisi, zile chapati za kukunjia mayai, mawili mawili, na Otim akaniuliza kama sasa tunaweza kurudi.

Kigungu hadi Kalangala: mshono

Hapa ndipo maji yanapokuwa makubwa. Nyuma Entebbe inazama, mbele visiwa vya Ssese bado havijainuka, na unabaki wewe na turubai lako. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimeshona maisha yangu yote vitu vya kufunika mizigo ya watu, na sasa kitu nilichokishona kilikuwa kinanibeba mimi.

Dhoruba ilikuja kabla ya saa tatu asubuhi kutoka upande wa magharibi, nyeusi, haina salamu. Hatukuwahi kupunguza tanga. Upepo uliligonga mara moja na nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya mume wangu, sauti ya turubai likichanika. Boti ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye ndoo za mboga. Otim, ambaye alikuwa anatapika tangu tuipoteze nchi kavu, alishika usukani kwa mikono miwili na kifua, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Shusha, Mama Laker. Mimi nimeshika." Nikashusha.

Tulipoteza nusu saa tukizungushwa na mawimbi huku tunachota maji kwa sufuria. Mvua ilipopungua nililitandaza tanga mapajani nikalikagua. Wallahi, mshono wangu haukuachia hata uzi mmoja. Kilichochanika ni turubai lenyewe, pembeni ya mshono, urefu wa mkono. Nilitoa sindano ya gunia na uzi wa nta, nikashona kiraka papo hapo, boti inapanda na kushuka, nikajichoma vidole vitatu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vikichanika, vinashonwa. Saa kumi alasiri tuliingia Kalangala kwa tanga lenye kiraka, na vijana wa pale gatini wakauliza ni nani alikuja kutuokoa. Otim akanionyesha mimi kwa kidole, akaenda kulala.

Kalangala hadi Bukoba: shikamoo

Kutoka Kalangala kwenda chini tulikuwa tumeshaijua ratiba, na maisha yakawa maisha. Asubuhi tunakimbia. Mchana upepo ukifa tunapika: ngege aliyevuliwa na Otim, posho, yaani ugali wetu, na majani ya ndoo yaliyosalimika. Niligundua mume wangu ana subira ya kuvua samaki ambayo sikuwahi kuiona alipokuwa anangoja chakula mezani. Anakaa na uzi kidoleni saa nzima bila kulalamika, kisha akimpata samaki analalamika kwamba ni mdogo. Tulipita karibu na pwani ya Kasensero, tukalala humo njiani mara nne, na siku ya tano tukauona mji wa Bukoba, vilima nyuma na mabati yanang'aa.

Pale gatini Kiswahili chetu kilipata mtihani wake. Watoto wawili wa shule walimwendea Otim wakainamisha vichwa. "Shikamoo, babu." Kwetu kambini salamu hiyo haikuwahi kutufikia. Otim akadhani ni jina la mtu wanayemtafuta, akawaambia, "Hapana, mimi ni Otim." Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini, na mama mmoja aliyekuwa anauza senene za kukaanga, wale panzi wa msimu, akaja kuona kuna nini. Aliitwa Mama Koku, mpishi mstaafu wa shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mia mbili kwenye foleni. Alimfundisha Otim kujibu marahaba, akamjaribisha mara tatu kama mtoto wa chekechea, kisha akaomba kuingia kwenye boti.

Alikagua kila kitu. Alifunua ndoo, akagonga mbao, akaangalia nyuma ya boti, akaangalia chini.

"Injini mmeificha wapi?"

"Hatuna, dada."

"Mmekuja hapa kutoka Kampala na hili shuka?"

"Ni turubai. Nimelishona mwenyewe."

Alilishika tanga, akavuta mshono kwa vidole viwili kwa nguvu, jinsi tunavyofanya sisi mafundi tusipomwamini mwenzetu. Haukusogea. Tangu hapo alituchukua kama wageni wake. Tulikaa kwake siku mbili, tukala ndizi na maharage na samaki wa moshi, na senene ambazo Otim alisema ni bora kuliko nyama, akijua kabisa kwamba kwangu hajawahi kusema hivyo juu ya chochote.

Siku ya kuondoka nilimwambia Otim ukweli uliokuwa unanikaa rohoni. Goti lake lilikuwa limevimba, alikuwa amekonda, na kutoka Bukoba kuna basi zuri. Sharti la Laker halikusema lazima sote tuwe ndani. Nikamwambia apande basi, mimi nitarudisha boti. Alikuwa anafunga kamba. Hakuinua kichwa. "Na wewe utamwambia nani kwamba chumvi imezidi?" akasema, akaendelea kufunga. Nilichukulia kwamba ni huruma yake kwangu, nikapandisha tanga.

Mama Koku alitupa mkungu mzima wa ndizi na fungu la majani yake mabichi ya kufunikia. Hayo majani, ndugu zangu, nusura yatupeleke Kireka.

Kisiwa kisichotajwa

Kisiwa hiki sitakitaja jina. Watu wake waliniomba, wanaona haya. Kiko kusini ya Bugala, kile kisiwa chenye Kalangala, na ilikuwa siku ya tatu tangu tuondoke Bukoba.

Kamba ya nanga ilikuwa imeanza kula mbao za mbele ya boti. Otim, fundi wa kutumia kilichopo, alichukua majani ya ndizi ya Mama Koku, akayakunja, akayafunga mbele kabisa ili kamba isisugue. Kazi safi. Yaliyobaki aliyasimamisha pale pale, yakawa yanapepea pande mbili za boti. Mimi nilikuwa nimefua shuka letu jeupe na sikuwa na pa kulianika vizuri, nikalizungushia turubai la akiba, ambalo bado halijashonwa, lililolala katikati ya boti, refu, limefungwa kamba tatu. Jua lilikuwa kali, nikajitanda kitenge kichwani. Upepo ukafa. Tulikuwa karibu na jiwe moja lililosimama peke yake majini, jeupe kwa mavi ya ndege, na kutoka hapo hadi ufukweni ni kama kutoka Kasubi hadi Makerere, kilomita mbili hivi. Otim alikaa kwenye usukani, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasinzia. Mimi nikaingia ndani kusonga posho.

Mwenye macho ameshaona. Kwetu Uganda gari lililobeba maiti hufungwa majani au matawi mbele, na kila mtu njiani hupisha. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Na sisi, watu wa polisi, ambao mmoja wetu ametengeneza magari ya kusindikiza misiba miaka thelathini, hatukulikumbuka hata kidogo.

Nikiwa ndani na mwiko mkononi nilisikia boti inatembea. Nikasema alhamdulillahi, upepo umewahi leo. Nikatoka nje. Tanga lilikuwa linaning'inia kama sketi, halina upepo hata wa kuzima kiberiti, na boti inakata maji. Mbele kulikuwa na mtumbwi mkubwa wa injini, wanaume wanne wamevua kofia, na kamba imetoka kwao ikaingia kwenye boti yangu.

Walikuwa wamekuja kimya, kwa sababu mfiwa hasumbuliwi kwa maswali. Walimwona mzee ameinamisha kichwa, wakaona majani, wakaona kilicholala chini ya shuka jeupe, wakafunga kamba bila neno. Nilipiga kelele. Nilisema wacheni, fungueni, tafadhali. Injini ilikuwa inanguruma, hawakusikia maneno, waliona tu mwanamke wa makamo aliyejitanda, ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia. Mmoja akaweka mkono kifuani kunipa pole. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyoongeza moto.

"Kata kamba," nikamwambia Otim aliyekuwa ndiyo kwanza anaamka.

"Kamba ya watu?"

"Otim, kata."

Alipokipata kisu tulikuwa tumefika. Muziki wa madukani ulikuwa umezimwa. Wanaume wamesimama mstari, wanawake wamepiga magoti kwenye mchanga, na moshi wa sufuria kubwa umeshaanza nyuma ya nyumba. Nilikaa chini ndani ya boti nikalia kwa kweli sasa. Nilikiona kile kitanda kikubwa cha Kireka, nikaiona Sindano ikiondoka na mtu mwingine, na nililia kama mtu aliyefiwa hasa.

Seremala alikuwa amekuja na tepu yake. Akamsogelea Otim kwa adabu, akanong'ona, "Mzee, ni mrefu kiasi gani?"

Otim, bado na usingizi, akadhani anaulizwa habari ya turubai. "Mita nne na nusu."

Seremala akatazama tepu. Akatazama shuka. Akarudi nyuma hatua mbili, na watu wote waliokuwa karibu wakarudi nyuma naye.

Nikasimama, nikafungua kamba zote tatu, nikalivuta shuka. Turubai la buluu likatoka. Kisha mzee aliyekuwa kwenye usukani wa mtumbwi, baba wa mapacha ambaye kila mtu pale anamwita Ssalongo, akaja mpaka ukingoni mwa boti akaligusa kwa kidole. "Nyabo," akasema polepole, "sisi naona majani. Sisi najua nyinyi iko na mutu." Alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa asijue na nani. Aliyetuokoa ni mkewe, Nnalongo, aliyetokea nyuma na kisu bado mkononi. Alitazama turubai, akamtazama mumewe, akauliza, "Na kuku wangu wawili nimeshawachinja?" Hapo kicheko kikapasuka ufukwe mzima, mpaka Otim akacheka, mpaka yule seremala akalazimika kukaa.

Mimi sikucheka. Nikawaeleza sharti la Laker. Kicheko kikaisha, na safari hii msiba ulikuwa wangu kweli. Ssalongo alijikuna shingo, akapata wazo. "Basi mimi narudisha nyinyi kwa lile jiwe. Hesabu nakwisha."

"Baba, ukituvuta kurudi tutakuwa tumevutwa mara mbili."

Tulikula matanga ya turubai: kuku, ndizi za matooke, mchuzi wa karanga. Sijawahi kula chakula kitamu nikiwa na moyo mzito namna ile. Otim alikaa karibu nami, akaniambia kwa upole kwamba hapa hakuna anayemjua Laker, watu hawa wana haya kuliko sisi, na ziwa halisemi. Nikamwambia mimi ninasema. Akaguna.

Asubuhi yake nilimwamsha, nikampa kasia: ile njia tuliyovutwa tutaisafiri upya wenyewe. Tulipiga makasia sote wawili mpaka kwenye lile jiwe jeupe, goti lake limevimba, mikono yangu imetoka malengelenge, na wimbo wake ulikuwa mpya: kwamba ameoa mwanamke anayekwenda mbele kwa kurudi nyuma. Tulifunga boti pale pale walipotukuta. Tukangoja mpaka alasiri, ndege wanatunyea. Upepo ulipokuja ulikuja mwingi. Nikapandisha tanga, kiraka na vyote, Otim akashika usukani, na Sindano ikaondoka kwenye lile jiwe kwa kasi ambayo sijaiona kabla wala baada. Ufukwe wote ulikuwa umejaa watu. Nilisikia vigelegele kabla sijaziona nyuso. Tuliingia mchangani peke yetu, bila kamba ya mtu, na Ssalongo alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni amenyanyua mikono, akipokea boti kana kwamba ameiunda yeye. Nnalongo akachinja kuku wa tatu, huyu wa furaha. Yale majani Otim aliyang'oa akampa mbuzi.

Kurudi Luzira

Njia ya nyumbani upepo unakusukuma mgongoni. Tulipita Kome, tukaingia ghuba yetu siku ya tatu, tanga limejaa, magugu maji yamekwenda kusumbua watu wengine. Nililia tena kidogo nilipoiona Luzira, nikasingizia moshi wa sigiri. Wauza samaki walituona kwa mbali wakaanza kuita jina la boti. Tulikuwa tumefika Bukoba na kurudi kwa turubai na uzi, watu wawili ambao umri wao ukijumlisha unapita mia na ishirini. Hiyo hakuna wa kuniondolea.

Laker alikuwa gatini na sare yake. Alitukumbatia mmoja mmoja, kwa nguvu, akanishika mikono akayaona malengelenge. Kisha akajifuta macho na akawa afande. Akatoa daftari, akasema atatuuliza kila mmoja peke yake. Mimi nikasimama kando, lakini upepo ulikuwa unatoka kwao na nilisikia kila kitu.

"Baba. Kuna chombo kilichowavuta?"

"Hapana," akasema Otim.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na mitano. Laker alipokuwa mdogo na paka wake akagongwa na gari, mimi nilisema amekwenda kutembea. Otim akamchukua mtoto, akamwonyesha kaburi. Alivaa sare mpaka anastaafu na sikumsikia akisema uongo hata wa kuwahi kazini.

Laker akanijia. "Mama?"

"Tulivutwa," nikasema. Nikamweleza yote, majani, shuka, tepu ya seremala, jiwe, makasia. Hakucheka. Nilipomaliza alimgeukia baba yake, na Otim alikuwa anatazama maji.

"Baba, umenidanganya."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Alipojibu hakulalamika, na hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote nilikuwa simjui. "Chumba chako ni kizuri, mwanangu," akasema. "Mimi nakitazama naona mahali pa kungojea kufa. Humu ndani kila asubuhi naamka nina kazi. Usiniondoe humu. Nakuomba."

Mimi niliyedhani namburuta.

Laker alisimama pale kati yetu, daftari lake limefungwa. Tangu boti ile ishushwe majini hakuwahi kukanyaga ndani yake, hata siku ya kuipa jina alisimama gatini. Akainama, akafungua kamba za buti zake za kazi, akazivua, akaziweka pembeni moja kando ya nyingine. Akamshika baba yake bega ili asiteleze, akapanda.

"Nionyeshe," akamwambia, "mgeni huwa analala wapi."